Dawa za Bure Zimenifilisi

Ukitaka kujua nchi hii ina madaktari wangapi, staafu kwanza, halafu kohoa mbele za watu.

Mimi nilikohoa gengeni. Tena kikohozi chenyewe cha pilipili, kuna mtu alikuwa anakaanga mihogo pale, moshi ukanipata. Basi. Bodaboda akasema tangawizi. Mama wa mchicha akasema wee, huyu mzee ni kitunguu saumu, punje saba, asimeze, atafune. Kijana wa kuchaji simu, hata ndevu hana, akanivuta kope, akachungulia ndani, akasema, "Mzee, hili ini hili." Ini! Nimetoka nyumbani kufuata nyanya za elfu moja, narudi na ugonjwa wa ini. Na nyanya nikasahau.

Miaka yote niliyokaa masijala, kwenye vumbi la mafaili ya tangu enzi za Nyerere, nilikohoa mpaka mbavu zikaachana. Hakuna aliyenipa hata pole. Bosi alikuwa anasema, "Karani, kakoholee nje." Lakini kitambulisho cha kazi kikishatoka shingoni, mwili wako unakuwa mali ya mtaa. Kila anayepita ana jani lako.

Na wote wanamalizia hivyohivyo: "Bure tu mzee, wala hununui."

Haya, tupige hesabu ya hiyo bure. Tangawizi inanunuliwa. Ndimu zinanunuliwa, na zikiadimika usizisogelee. Vitunguu saumu Mangi siku hizi anavihesabu kwa punje. Mdalasini, karafuu, manjano, habbat soda, kila kimoja kina bei yake na kibaba chake. Halafu asali. Usiniulize habari za asali. Nilinunua kwa kijana mmoja kwenye foleni, iko kwenye chupa ya konyagi, anasema ya Tabora, ya nyuki wadogo, mbichi. Akachovya humo njiti ya kiberiti, akaikwangua, ikawaka. "Umeona mzee? Orijino." Nikaona. Nimefika nyumbani, sisimizi wakaja, wakaizunguka, wakaondoka. Mama watoto akaonja akasema hii sukari guru. Mimi nilijua kiberiti kinapima asali, kumbe kinapima kiberiti.

Ukishanunua, chemsha. Dawa hizi zote zinachemshwa mpaka maji yarudi nusu. Saa nzima jikoni. Mkaa wa maharage unaishia kwenye majani ya mpera, maharage tunayala magumu, tumbo linajaa gesi, na dawa ya gesi ni nini? Tangawizi. Chemsha. Gesi ya tumboni ninayo tele, ya mtungi ndiyo imeisha.

Ningekuwa mtu mwenye hela zake ningenyamaza. Mimi ni mtu wa kikokotoo.

Najua wewe kijana ukisikia hilo neno redioni unabadilisha stesheni. Subiri, utafika. Mwaka 2018 walipounganisha mifuko ya watumishi wa umma ikawa mmoja, ikaja kanuni kwamba ukistaafu unapewa robo kwa mkupuo, iliyobaki unalambishwa kila mwezi. Kelele zikapigwa. Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha, akasema watu waendelee na utaratibu wa zamani mpaka 2023. Nikashangilia, nikacheza. Halafu nikahesabu mimi nastaafu lini. 2023. Na wala hawakungoja huko: Julai 2022 ikaingia asilimia 33. Nikastaafu na 33 yangu, nikaagwa, nikapewa kitenge na saa ya ukutani. Juni 2024 Waziri wa Fedha anasoma bajeti, 33 inapanda kuwa 40 kwa wale ambao zamani mkupuo wao ulikuwa nusu. Mimi niko sebuleni namsikiliza, nimeshika kikombe cha mwarobaini. Sikuhisi tofauti mdomoni. Kuhusu nyongeza ya sisi tuliotangulia sisemi kitu hapa.

Binti wa mafao alinieleza hesabu kwa upole kabisa. Wanachukua wastani wa mishahara ya ile miaka mitatu uliyolipwa vizuri. Nikamwambia mwanangu, kwangu hiyo miaka haijafika. Akaendelea. Wanazidisha na miezi uliyotumika, wanagawa kwa 580, halafu mkupuo unazidishwa tena kwa 12.5. Nikauliza huyu 580 ni nani na kwa nini tunagawana. Akasema, "Baba, ni kanuni." Nikasaini.

Na kabla ya hapo walitaka barua yangu ya ajira ya kwanza, na ile ya kuthibitishwa kazini. Sasa mimi, karani wa masijala, mtunza mafaili ya ofisi nzima, faili langu halionekani. Nikalitafuta wiki nzima, nikamtukana karani aliyelipoteza. Lilikutwa chini ya mguu mfupi wa meza yangu, nililikunja mwenyewe ili meza isicheze. Barua ya kuthibitishwa ilikuwa na tundu. Meza haikuwa inacheza, lakini.

Mkupuo ulikwenda kwa kuku. Usicheke. Kila mstaafu ana kuku wake. Mwingine kuku wake ni bodaboda ya mpwa wake, mwingine ni vyumba vya wapangaji vilivyokwama kwenye lenta, wangu walikuwa kuku kweli, wa mayai. Siku moja wakaanza kusinzia. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtaa mzima tunamwita Ticha, akasema wape maji ya shubiri mwitu, bure tu. Wakanywa. Kumbe ni kideri, na kideri kina chanjo yake, tone moja la jicho, unampa kuku kabla hajaugua, bei yake ndogo mpaka aibu. Lakini mimi nilishapata ya bure. Wakafa wote, tena wakafa wachungu. Mbwa wa mtaa alinusa akaenda zake.

Tena haya mambo hayakuanza na mimi. Mwaka 2011 nchi nzima si ilihamia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile? Kikombe shilingi 500. Mia tano tu! Ila kikombe unakinywea hukohuko, hubebi kwenye dumu, kwa hiyo mjomba wangu akauza ng'ombe akodi nafasi kwenye Landrover, akalala kwenye foleni ya magari porini, akala mkate wa bei ya mbuzi. Akarudi, akasema jamani dawa ni mia tano tu. Mwaka 2020 ilipokuja korona tukajifukiza. Sufuria, blanketi, mwarobaini, mchaichai, maganda ya machungwa. Wenzangu walitoka wanatokwa jasho, mimi nilitoka nimekanyaga sufuria. Na dawa ya kuungua ni nini? Asali.

Sasa magoti. Magoti yangu yakipanda ngazi yanaongea, watu wananipisha wakidhani nina simu. Ticha huyohuyo wa shubiri akaniambia kuna unga wa mizizi Kariakoo, Mtaa wa Kongo, unachanganya na mafuta ya karafuu, unapaka, unatembea mpaka Kibaha. Nikavaa kofia nikaenda.

Kijana ana meza yake, mizizi, magome, vichupa, na spika inayoongea peke yake: kiuno, mgongo, choo kigumu, kukojoa mara kwa mara, nguvu za kiume, kiuno, mgongo, choo kigumu. Nikasimama nikisubiri ifike kwenye magoti. Haifiki. Kijana akaniangalia kuanzia kofia mpaka kandambili. Hakuniuliza kitu. Akainama chini ya meza akatoka na kikaratasi.

"Mzee, ya kwako hii hapa."

"Ya magoti?"

"Itashuka mpaka magotini." Watu wakacheka. "Vumbi la Kongo hilo, limeingia jana. Nusu kijiko mzee, usizidishe, utahamisha nyumba."

Nikamwambia mwanangu, punguza sauti, mimi shida yangu ni kukunja na kunyoosha, ikikunjwa haitaki kunyooka.

"Si ndiyo hiyohiyo mzee!"

"Shikamoo baba."

Nyuma yangu. Sauti naijua. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu ambaye kwa heshima aliyonayo kwangu hata akija kula anageukia ukutani. Nikasema marahaba baba, hamjambo huko, wajukuu wazima, huku kikaratasi kiko kiganjani na spika imerudi palepale. Nikataka kueleza. Unaanzia wapi? Kijana anasema elfu kumi. Nikaingiza mkono mfukoni polepole, ule upole wa mtu anayetumaini kuambiwa acha. Na kweli, mkwe akaniwahi. "Acha baba, nitalipa mimi." Akalipa kwa simu. Akasimama kidogo, macho kwenye kandambili zangu.

"Mama hajambo?"

Nilitembea mpaka Gerezani ndipo nikakumbuka kwamba magoti yanauma.

Utakitupaje kitu cha elfu kumi? Tena cha mkwe. Nikakificha pale ambapo hakuna atakayetafuta, kwenye kopo la mlonge, rafu ya juu kabisa. Nikakimimina humo, kikaratasi nikatupa. Unga na unga, nani atajua. Nikajiona nina akili.

Hapa lazima nikueleze habari ya mlonge. Mama watoto hakungoja mambo ya kikokotoo. Anachuma majani, anayaanika kivulini, juani yanapauka, anatwanga, anachekecha, anajaza kwenye makopo. Wateja wake ni sisi hawahawa wazee wa mtaa. Kwa mkopo, tena. Wenye pensheni wanalipa ikiingia. Mama wa mchicha, ambaye amenizidi umri na hana mfuko wala 580 wa kugawana naye, analipa kwa mafungu ya mchicha. Ng'ambo hapo Zanzibar tangu 2016 mzee akitimiza miaka 70 anapata pensheni jamii, walianza na 20,000 kwa mwezi, hata kama maisha yake yote aliuza mchicha. Huku kwetu Mbagala mama wa mchicha akitimiza 70 anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mchicha. Namwona akipita. Mimi ndiyo kwanza naamka mara ya nne kwenda chooni.

Na biashara ina tangazo, linazunguka WhatsApp. Picha mbili. "Kabla" ni mimi. Nilipigwa natoka kulala, sikuambiwa. "Baada" ni mdogo wangu wa Morogoro. Hajawahi kunywa mlonge. Anakunywa bia.

Basi, Ticha akaja kuchukua kopo lake. Makopo ya chini yamekwisha. Mama watoto akapanda kigoda, akashusha la rafu ya juu. Mimi nilikuwa kliniki ya presha siku hiyo, nimeshikiliwa.

Maana nako kuna mambo. Wiki ya nyuma yake nilikuwa nimeletewa mabalungi kutoka Muheza, kiroba kizima, bure, wanasema yanakata mafuta. Nikawa nakamua jagi asubuhi, jagi jioni, na vidonge vyangu vya presha nateremshia humohumo. Kwenye kikao cha wastaafu wa kata nikasimama kuunga mkono hoja. Ukumbi ukazunguka. Nikakaa. Nikakalia mapaja ya mwenyekiti. Hoja ikapita, maana walidhani nasisitiza. Daktari wa kliniki, binti mdogo kabisa, akaniuliza natumia nini kingine zaidi ya vidonge. Nikaanza kutaja. Karatasi ikajaa, akageuza nyuma. Tulipofika kwenye balungi akaweka kalamu chini. Akasema baba, balungi linazuia mwili kuivunja hiyo nifedipine, dawa inalundikana kwenye damu, presha inaporomoka. Vitunguu saumu vya kwenye mboga sawa, lakini punje saba mbichi kila siku kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda ni kujitafutia kuvuja damu. Hakunisema vibaya. Alisema tu, "Baba, majani nayo ni dawa. Ndiyo maana nauliza." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: unga wa mitaani wa yale mambo mengine huwa unakutwa umechanganywa na vidonge vya hospitali, na kwa mtu wa moyo unaweza kumwangusha moja kwa moja.

"Baba unatumia huo?"

"Mimi hapana. Kuna rafiki yangu."

Akaandika. Nilichungulia. Ameandika "rafiki yake", na alama za kufungua na kufunga semi.

Nimerudi nyumbani, naangalia rafu ya juu, kopo halipo. Sikulala. Utasemaje? Mke wangu, lile kopo ulilompa Ticha lina kitu alichoninunulia mkwe? Alfajiri nikaenda kusimama chini ya dirisha lake kusikiliza kama anakoroma. Hakoromi. Nikasogea. Mara nasikia mluzi. Ticha yuko uani kwake anafyeka majani, kavaa shati la Pasaka, anapiga mluzi. Ticha! Mtu ambaye tangu astaafu anasalimia kwa kunyanyua nyusi. "Karani!" ananiita. "Mwambie shemeji aniwekee makopo mawili. Ila uleule wa juzi!"

Yakawa hayo. Mama watoto akampa mwingine, akarudi. Siyo huu. Akampa mwingine, siyo. Huyu akamwambia yule, wazee wakaanza kupanga foleni kwangu na makopo yao, kila mmoja ananong'ona "ule wa Ticha". Mama watoto anahangaika, anafikiri ni mti wa upande wa choo ndio wenye majani makali, kaanza kuumwagilia. Mimi nimekaa kimya. Nilichoweza ni kumfuata Ticha pembeni nikamweleza maneno ya daktari, kopo lile alimwage, kuna vitu vimeingia. "Vitu gani?" Vitu tu. "Nani kaviweka?" Nikamwambia sijui. Akaniangalia sana, akaniangalia magoti, akasema, "Karani, hongera." Kopo akamwaga, au alisema kamwaga. Mke wake siku hizi hanisalimii.

Ningeachia hapo, lakini uhakiki ukafika. Kila mstaafu athibitishe kwamba bado yuko hai, aweke kidole kwenye mashine. Na mimi vidole vyangu kipindi hicho vilikuwa vinauma viungo, mama watoto alikuwa ananifunga usiku dawa yake: pilipili kichaa, tangawizi, karafuu, manjano, imetwangwa pamoja. Bure. Maumivu yalipungua, ngozi nayo ikapungua. Vikabanduka vyote, vikabaki vya njano, vinang'aa, havina hata mstari mmoja.

Kijana wa mashine akasema weka kidole gumba. Hakisomi. Cha shahada. Hakisomi. Futa na kitambaa mzee. Nikafuta, kitambaa kikawa cha njano. Vyote kumi. Foleni nyuma yangu inaguna, wazee wamesimama tangu alfajiri. Kuna bibi akasema si mumwandike tu amekufa twende mbele. Kijana akanionea huruma. "Mzee, mimi nakuona. Lakini mfumo haukuoni." Nikamwuliza, kati yenu nani mkubwa? Akacheka, akaniambia nilete barua ya serikali ya mtaa kwamba niko hai.

Kwa mwenyekiti wa mtaa nilikwenda na mchango wa ofisi mkononi, ule usio na risiti. Akaandika vizuri. Kwamba anamtambua mtajwa hapo juu kuwa mkazi wake, na kwamba hadi anaandika barua hii mtajwa yu hai. Akasaini. Akafungua droo akatoa muhuri. Akaunyanyua. Halafu akausimamisha hewani, akainuka, akafunga mlango, akarudi akakaa, akakohoa.

"Mzee wangu. Huu mlonge wa mama. Ule wa mwanzo mwanzo. Haujabaki hata kijiko?"

Nikamwambia umekwisha, mheshimiwa.

Akauangalia muhuri chini, akaupuliza, akaurudisha kwenye droo. "Wino umekauka," akasema. "Pita Jumatatu. Uangalie-angalie na rafu za juu."

Kwa hiyo mpaka Jumatatu kwenye mfumo mimi sipo, na pensheni haiingii kwa mtu ambaye hayupo. Mtaa wa Kongo kule bei bado ni elfu kumi, na mkwe siwezi kumpigia simu. Jirani, wewe mfukoni una ngapi? Pamoja na nauli. Nitakurudishia nikifufuka.